Inabeba Mpaka Ijae: Historia ya A1, Herufi Iliyoamua Meli Gani Inafaa

Kuna jamaa mmoja wa hapa hapa Mpanda, jina tunaliweka pembeni kwa sababu mama yake akisoma hii hatamruhusu kusafiri tena. Juzi kati alikwenda Karema kwenye msiba. Kutoka Karema ikabidi apande boti ya mbao kwenda kijiji cha mwambao, maana kwa barabara angezunguka mpaka kesho yake. Akamkuta kijana wa boti anapanga mizigo: magunia ya mahindi, madumu ya mafuta, mbuzi wawili na godoro la mtu. Akamuuliza kistaarabu, "Dogo, hii inabeba watu wangapi?"

Dogo hata hakugeuka. "Inabeba mpaka ijae, braza."

Jamaa akapanda. Utafanyaje, na msiba unakungoja? Walifika salama, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu arudi kila tukikaa kijiweni anairudia hiyo sentensi. Mpaka ijae. Nani anajua imejaa? Unajuaje chombo kimejaa kabla maji hayajakuambia mwenyewe?

Sasa wadau, mimi nikaingia chimbo. Nikakuta kwamba swali la jamaa yetu lina umri wa zaidi ya miaka 250, limewahi kuleta bifu zito London, limewafunga watu jela, na lilianzia sehemu ambayo huwezi kuidhania: kwenye kijiwe cha kahawa. Kaa mkao wa kula.

KIJIWE CHA KAHAWA

Mwishoni mwa miaka ya 1600 London kulikuwa na mzee mmoja anaitwa Edward Lloyd, ana mgahawa wa kahawa. Wateja wake walikuwa manahodha, wenye meli, wafanyabiashara, na kundi moja la matajiri waliokuwa wanauza bima za meli. Zama hizo meli zote ni za matanga. Hakuna injini, hakuna redio, hakuna kumpigia nahodha simu umuulize umefika wapi. Meli ikitoka bandarini unaiaga, unakaa miezi, halafu siku moja inarudi au hairudi.

Mwenye mzigo anaogopa hasara. Anakwenda kwa tajiri wa bima: nakulipa kiasi hiki, meli ikizama utanifidia. Tajiri anakubali. Lakini naye ana wasiwasi wake: hii meli nayoiwekea dhamana mbona sijawahi hata kuiona? Ni nzima au ni mbovu iliyopakwa rangi?

Kama umewahi kuagiza gari Japani unaijua hiyo presha. Gari liko Yokohama, wewe uko Mpanda, picha zinang'aa. Kitu kinachokusaidia ni karatasi ya mnada: gredi 4.5, gredi 3, au ile gredi R inayokuambia ndugu yangu hili lilishapata ajali. Kuna mtu usiyemjua jina amelizunguka, ameinama chini, ameandika. Pesa yako unaiweka juu ya neno la mtu huyo.

Basi matajiri wa bima wa kile kijiwe walifanya jambo hilo hilo. Mwaka 1760 wakaunda umoja wao na kuanza kutuma watu bandarini kukagua meli. Kitabu cha kwanza cha ukaguzi kinachojulikana leo ni cha mwaka 1764. Kila meli ikapewa mstari wake: jina lake, jina la zamani kama ilibadilishwa, nahodha, mwenye meli, ilijengwa wapi, ina tani ngapi, mabaharia wangapi, mizinga mingapi, na ikipakiwa inazama majini kina gani.

Mwisho wa mstari ndiyo kulikuwa na hukumu. Ubao wa meli ulipewa irabu: A, E, I, O au U. A ni safi kabisa, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyomkaribia samaki. Vifaa vyake, yaani nanga, kamba na matanga, vikapewa herufi zao: vizuri, vya wastani, vibaya. Miaka michache baadaye, kwenye 1775 hivi, herufi za vifaa zikabadilishwa kuwa tarakimu. Hapo ndipo A1 ilipozaliwa. A ni mwili wa meli, 1 ni vifaa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema pilau la shemeji ni ei wani, mwambie asante, anaongea lugha ya mabaharia.

Na kitabu chenyewe hakikuwa cha kila mtu. Kilikuwa kama grupu la wasapu la watu wachache: mwanachama unalipia, unapewa nakala yako, na kipya kikitoka unarudisha cha zamani. Ndiyo maana nakala za mwanzo zimebaki za kuhesabika. Baharia aliyelala ndani ya ile meli hakuwa na ruhusa ya kusoma imepata gredi gani. Shika hilo, tutalirudia.

MTU MWENYE NYUNDO

Mkaguzi alikuwa nani? Mara nyingi nahodha mstaafu au fundi wa meli, mtu wa makamo ambaye ameshazeeka na chumvi. Anashuka ngamani, kule chini kabisa ya meli kunakonuka maji yaliyolala, ana taa na nyundo. Anagonga ubao. Ubao mzima unalia, ubao uliooza unanyamaza, unatoa sauti ya godoro. Anaangalia mataruma, zile mbavu za meli. Anaangalia misumari kama imeliwa na kutu. Anaangalia kalafati, yaani nyuzi zilizoshindiliwa kati ya ubao na ubao ili maji yasipite.

Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanayajua haya tangu enzi na enzi. Nenda Zanzibar au Bagamoyo utamkuta fundi anagonga ubao kwa nyuma ya shoka, sikio lake limeegemea upande mmoja kama daktari. Tofauti ni kwamba fundi wetu jibu analiweka kichwani na kumwambia mwenye chombo, wakati yule wa London aliandika. Maandishi yakasafiri kuliko yeye, yakabaki mpaka leo, na mengi sasa yamewekwa mtandaoni unaweza kuyafungua kwa bando la mia tano.

BIFU: KITABU CHA KIJANI NA KITABU CHEKUNDU

Mambo yakaharibika mwishoni mwa miaka ya 1790. Wakubwa wa kitabu wakaamua gredi itategemea meli ilijengwa wapi na ina umri gani, sio hali yake. Meli iliyojengwa mto Thames, yaani pale pale London kwao, ikapendelewa. Ya kwako ya mikoani, hata kama ni ngumu kama jiwe, miaka yake ikitimia inashushwa. Ni sawasawa na kusema bajaji iliyosajiliwa Dar ni nzima na ya Mpanda ni mbovu, bila hata kuiwasha.

Wenye meli wakawaka. Mwaka 1799 wakatoa kitabu chao wenyewe. Watu wakaanza kuviita kwa rangi: Kitabu cha Kijani ni cha wenye bima, Kitabu Chekundu ni cha wenye meli. Bifu hilo lilichukua zaidi ya miaka 30! Pande zote mbili zikapoteza pesa, na mwaka 1834 zikasalimu amri, zikaungana na kuanzisha chama kimoja chenye kanuni mpya. Safari hii sio umri peke yake: unaangalia mbao gani imetumika, imejengwaje, imetunzwaje. Mwaloni wa Kiingereza na mtiki zilipewa miaka 12 ya kukaa daraja la A, mbao dhaifu zikapewa pungufu, na meli ikitengenezwa vizuri iliweza kurudishiwa heshima yake. Wakaajiri wakaguzi 63 wa kutawanyika bandarini.

Kwingine nako wakaamka. Bureau Veritas ilianzishwa Antwerp mwaka 1828, Wamarekani wakaanzisha ya kwao 1862, Wajerumani 1867. Dunia nzima ikawa inasoma meli kwa herufi na namba.

KITABU KILIJUA MBAO, HAKIKUJUA WATU

Sasa tuache utani kidogo.

Kitabu kile kilianzishwa na watu wa bima. Swali lake la kwanza lilikuwa: je, mzigo utafika? Halikuwa: je, watu watafika? Na kuna wakati mzigo wenyewe ulikuwa watu.

Mwaka 1781 meli ya Uingereza inaitwa Zong ilikuwa inavuka bahari ya Atlantiki na Waafrika waliotekwa utumwani. Maji ya kunywa yakasemekana yanapungua. Mabaharia wakawatupa baharini zaidi ya watu 130, wakiwa hai. Baadaye wenye meli walikwenda kudai bima, paundi 30 kwa kila kichwa. Kesi ikaenda mahakamani London mwaka 1783, na haikuwa kesi ya mauaji. Ilikuwa kesi ya madai, kama vile wanabishania magunia yaliyolowa. Majina ya wale watu hakuna aliyeyaandika. Jina la meli tunalo.

Miaka ikapita. Biashara hiyo ikapigwa marufuku na Waingereza, meli zikazidi kuwa nyingi, na bima ikazaa ujanja mwingine. Tajiri ana meli kuukuu. Anaikatia bima kubwa kuliko thamani yake, anaijaza kupita kiasi, anaiachia ende. Ikifika, amepata faida. Ikizama, amepata faida zaidi. Mabaharia wakazipa jina: meli jeneza. Na ukishasaini mkataba halafu ukaiona meli ukagoma kupanda, unafungwa jela. Mamia ya mabaharia walifungwa Uingereza miaka ya 1870 kwa kosa la kukataa kufa.

Hapo akatokea mbunge mmoja, Samuel Plimsoll, wala hakuwa baharia, alikuwa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Mwaka 1873 akaandika kitabu kuwatetea mabaharia. Julai 1875 serikali ilipoiweka kando sheria ya meli, Plimsoll alilipuka bungeni, akawaita baadhi ya wenye meli wahalifu mbele ya Spika, akatolewa nje. Wananchi wakawa upande wake. Mwaka uliofuata, 1876, sheria ikapita: kila meli ichorwe alama ubavuni, duara lenye mstari katikati. Maji yakifika kwenye mstari, acha kupakia.

Ila wajanja hawakosekani. Sheria ya mwanzo haikusema mstari uchorwe wapi, ilimwachia mwenye meli. Inasimuliwa kuna nahodha alichora wa kwake juu kwenye dohani, kwenye bomba la moshi! Yaani meli yake ingejaa siku imeshafika chini. Ikabidi sheria irekebishwe mwaka 1890, mahali pa mstari papangwe na wataalamu.

Unaona kilichobadilika? Gredi ya A1 ilikuwa siri ya matajiri, imeandikwa kitabuni. Mstari wa Plimsoll uko nje, kwenye ubavu wa meli, na hata asiyejua kusoma anauona. Baharia akisimama gatini anaweza kunyoosha kidole: imejaa. Kwa mara ya kwanza swali la jamaa yetu wa Karema lilipata jibu ambalo halimtegemei mwenye boti.

MELI YETU ILIPOKAGULIWA NEW YORK

Msidhani hizi ni habari za Wazungu tu. Tarehe 30 Aprili 1840 watu wa New York waliamka wakakuta meli ya matanga imetia nanga, bendera nyekundu, mabaharia wamevaa vilemba. Ilikuwa Sultana, meli ya Seyyid Said, imetoka Zanzibar mwezi Februari, imezunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuvuka Atlantiki. Ilijengwa Bombay mwaka 1833. Mkuu wa msafara alikuwa Ahmad bin Naaman.

Ndani ilikuwa na tende, kahawa ya Mocha, mazulia, karafuu, ngozi, sandarusi na pembe za ndovu 108. Ilikuwa na mwongoza njia pia, Mwingereza mmoja ambaye simulizi zinamsema alikuwa anapenda sana chupa. Mizigo yote ile, mawimbi yote yale, na anayeshika ramani yuko tungi. Mpaka ijae, braza!

Sultana ilikuwa imechakaa na safari. Wamarekani wakaipeleka kwenye yadi yao ya jeshi la majini, mafundi wakaikagua na kuifanyia matengenezo makubwa bure, heshima kwa mgeni. Agosti ikaondoka ikiwa imara kuliko ilivyofika. Ahmad bin Naaman alichorwa picha na mchoraji Edward Mooney, na picha hiyo ipo hadi leo, mzee amependeza na kilemba chake na upanga. Mabaharia waliopanda milingoti usiku wa dhoruba hawakuchorwa.

Na zile pembe 108? Pembe za Zanzibar zilikuwa zinatoka huku bara, zinabebwa mabegani na wapagazi mamia ya kilomita. Orodha ya mzigo inahesabu pembe, haihesabu mabega. Halafu meli za wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, zilikuwa zinaleta kitambaa cha pamba Zanzibar, nacho kinapanda bara kwa njia zile zile. Bibi zetu walikiita merikani. Kwa hiyo usiseme meli za matanga hazituhusu sisi wa porini. Babu yako wa Ukonongo au Upimbwe huenda hakuiona bahari maisha yake yote, lakini alikuwa amejifunga shuka iliyoshuka kwenye meli yenye gredi.

NA ZIWA LETU JE?

Tufike nyumbani sasa. Mkoa wetu wa Katavi una ufukwe wa Ziwa Tanganyika: Karema, Ikola, na vijiji vya wilaya ya Tanganyika vinavyotuletea migebuka na dagaa pale sokoni. Je, huku kulikuwa na meli za biashara za matanga? Ndiyo, tena kabla ya Mzungu.

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika ziwani. Walihitaji chombo cha kuzungukia. Wakaambiwa kuna jahazi ng'ambo, la mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim. Speke akavuka kwa mtumbwi kwenda kumwomba. Njiani usiku mmoja mdudu akamwingia sikioni, akajichokonoa kwa kisu kidogo, sikio likavimba na akawa kiziwi upande huo kwa muda mrefu. Alipofika, mzee Hamed akamzungusha, mara leo mara kesho, na Speke akarudi mikono mitupu na sikio bovu. Hapo unaelewa jambo moja: jahazi lilikuwa mali. Mwenye jahazi ziwani alikuwa kama mwenye lori pekee kijijini. Nalo halimo kwenye kitabu chochote cha gredi. Aliyechonga mkuku wake hatajwi.

Mwaka 1878 akafika Ujiji Edward Hore, baharia wa kweli mwenye cheti cha unahodha, ametumwa na wamisionari wa London. Alichukua chombo cha kienyeji, akakifunga sitaha na tanga, akakiita Kibuyu kwa Kiingereza, akaanza kuyapima maji ya ziwa. Mwaka uliofuata, 1879, ofisa wa jeshi la Ubelgiji, Cambier, akajenga kituo Karema. Ndiyo, Karema yetu. Mwaka 1883 Hore akaleta boti ya chuma, Nyota ya Asubuhi, imekatwa vipande, imevutwa na kubebwa na watu kutoka pwani mpaka Ujiji. Mwaka 1885 meli ya Habari Njema ikashushwa majini upande wa kusini wa ziwa, nayo imebebwa vipande vipande, kupitia njia ya Ziwa Nyasa.

Kisha ikaja ile mnayoijua wote. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja Dar kwa meli na Kigoma kwa reli, ikaungwa upya, ikashushwa 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya hapo mafundi wakaipaka injini grisi ya kutosha. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, wakaikagua, wakakuta bado inafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wazee wa Karema na Ikola wameipanda miaka nenda miaka rudi. Hiyo inatufundisha kitu: chombo hakiokolewi na umri wala na maombi ya abiria peke yake, kinaokolewa na mtu aliyekitunza siku ambayo hakuna aliyekuwa anamwona.

JAMBO MOJA AMBALO HUENDA HUKULIJUA

Ukiikuta meli kubwa bandarini Dar, angalia ubavuni. Utaona lile duara la Plimsoll, na pembeni yake ngazi ya mistari mifupi yenye herufi. Mistari hiyo ni ya maji tofauti: bahari ya joto, bahari ya baridi, na mmoja wa juu kabisa ni wa maji baridi ya ukanda wa joto, yaani maji ya ziwa au mto kama yetu.

Kwa nini? Kwa sababu maji ya chumvi ni mazito, yanabeba zaidi. Maji ya Tanganyika hayana chumvi, yanabeba pungufu. Chombo kile kile, mzigo ule ule, kikielea ziwani kinazama chini zaidi kuliko kikielea baharini. Tofauti ni kama sentimita mbili na nusu kwa kila mita moja ya chombo iliyo ndani ya maji. Unaweza kusema ni kidogo. Lakini boti ya mbao iliyopakiwa mpaka ukingo umebaki kiganja kimoja, sentimita hizo ndizo zinazoamua wimbi litapita au litaingia. Na upepo wa kusi wa Tanganyika ukiamka mchana, wavuvi wanaujua, haukupi muda wa kutafakari.

MPAKA IJAE

Tanzania hii hii tumeshalipa gharama ya neno "mpaka ijae". Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba, karibu kabisa na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere, inakaribia gati la Bwisya kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, waliookolewa 41. Jumlisha mwenyewe. Namba ilikuwepo, imeandikwa. Tatizo halikuwa kukosa kitabu. Siku ile hakuna aliyeiheshimu namba.

Leo TASAC ndiyo wenye kazi ya kukagua vyombo vya majini na kuvipa vyeti, na cheti kinataja abiria wangapi. Karema nako kumejengwa bandari mpya, ya kisasa, na tunaambiwa tujiandae kwa biashara na ng'ambo ya Congo. Safi sana. Meli kubwa zikija zitakuja na gredi zao na mistari yao ubavuni. Lakini bibi anayekwenda kliniki kijiji cha pili hatapanda meli kubwa. Atapanda ya dogo.

Nikamrudia jamaa yetu kijiweni nikamsimulia haya yote, kahawa ya Lloyd mpaka Liemba. Akasikiliza, akanywa kahawa yake, akauliza, "Sasa mimi ningefanyaje siku ile?"

Nikamwambia mabaharia wa zamani walifungwa jela kwa kugoma kupanda. Wewe hakuna wa kukufunga. Angalia ukingo wa boti umebaki juu ya maji kiasi gani. Uliza cheti. Uliza maboya yako wapi, na ni mangapi. Ukiona mnazidi, shukeni wawili watatu, msubiri ya pili. Dogo atanuna. Anune.

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea. Wiki iliyopita alirudi Karema kwa arobaini ya marehemu. Akamkuta dogo yule yule, boti ile ile. Safari hii dogo amechora mstari wa rangi nyeupe ubavuni mwa boti, kwa brashi, umepinda pinda.

"Nikamuuliza, huu wa nini? Akaniambia mjomba wake alizama zamani, kabla yeye hajazaliwa. Bibi yake ndiye aliyemwambia achore."

"Na maji yalikuwa wapi?"

"Chini ya mstari. Kidogo tu, lakini chini."

Dogo jina lake hatulijui, na hakuna kitabu cha London kitakachoandika boti yake. Kwangu mimi, siku ile, boti ile ilikuwa A1.